Kosa la stempu ni mali, kosa la santuri ni ubovu: je, nimemdhulumu kaka yangu?

Mzee wangu,

Pokea salamu kutoka Busia, upande wetu wa Uganda. Mimi ni mama wa watoto wawili na kazi yangu ni kubadilisha fedha hapa mpakani.

Baba yetu alifariki mwaka juzi. Alikuwa karani wa posta Tororo tangu enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 aliendelea na posta yetu hadi alipostaafu. Alikuwa mtu wa kutunza vitu. Baada ya matanga tulikaa sisi watoto watatu tukagawana vile vilivyobaki chumbani kwake. Kaka mkubwa alichagua kwanza, akachukua santuri za rumba, maana ndizo alizozipenda tangu utotoni. Mdogo wetu akachukua saa ya mkononi. Mimi nikabaki na albamu ya stempu ambayo hakuna aliyeitaka.

Sasa, katika albamu ile kuna stempu zilizopigwa maandishi UGANDA LIBERATED 1979 baada ya Amini kuondolewa. Moja kati yake maandishi yamekaa kichwa chini. Nilipoenda Kampala kuchukua mzigo nilimwonyesha mtu mmoja anayenunua vitu vya kale. Aliiangalia kwa muda, akaniambia atanipa shilingi 400,000 kwa hiyo moja, palepale. Niliogopa, nikaifunga albamu nikarudi nayo nyumbani.

Kaka aliposikia, naye akakumbuka kwamba santuri zake mbili zina kasoro za kiwandani. Moja ina lebo ya upande wa kwanza pande zote mbili. Nyingine tundu lake halikukaa katikati. Akazipeleka Kampala kwa wauza santuri. Ile ya lebo walimpa bei ileile ya santuri nyingine yoyote, na ile ya tundu walicheka, wakamwambia akatengenezee saa ya ukutani. Mdogo wetu naye ana habari hiyohiyo: uso wa saa yake una tarakimu moja iliyochapwa kwa kupinda, na fundi alimwambia labda uso huo ulibadilishwa, basi hakuna anayeitaka.

Kaka anasema kosa ni kosa. Vitu vyote vitatu vilizaliwa vibovu kiwandani, sasa iweje cha kwangu kiwe mali na vyao viwe takataka? Anaamini nilijua tangu mwanzo kwa sababu ya kazi yangu ya fedha, nikanyamaza ili waniachie albamu. Tangu Pasaka hajakanyaga kwangu.

Mzee, nisaidie. Kwa nini iko hivi? Je, nimemdhulumu? Na yule mtu wa Kampala, nimuuzie?

Dada wa Busia

JIBU

Binti yangu, pole kwa msiba wa mzee, na pole kwa hili la kaka. Nianze na lililo zito zaidi: hukumdhulumu. Yeye alichagua kwanza, wewe ulibaki na kilichokataliwa, na siku ile hakuna kati yenu aliyejua kilichomo ndani. Hata hivyo, swali lake ni zuri sana. Wale wauza santuri waliocheka wangemtendea haki kama wangemjibu, kwa hiyo ngoja nimjibu mimi, nawe umsomee.

Stempu ni mfano wa fedha. Huchapwa chini ya ulinzi, karatasi zake huhesabiwa, na zilizoharibika huteketezwa kabla hazijatoka mlangoni. Kazi yake yote ni kufanana na wenzake. Anayeikusanya hataki kuitumia kwa kutuma barua, anataka kujua jinsi ilivyotengenezwa: rangi zilipita mara ngapi mtamboni, karatasi iliingizwa upande gani, vitobo vya kuchania vilipigwaje. Stempu isiyo na kosa haimwambii mengi kuhusu hayo. Iliyokosewa inamfunulia kila kitu, na tena inamwambia kwamba ilivuka macho ya wakaguzi wote.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Marekani, mwaka 1918. Serikali ilitoa stempu ya senti 24 ya barua za ndege, yenye fremu nyekundu na ndege ya buluu. Kwa kuwa ni rangi mbili, kila karatasi ilipita mtamboni mara mbili. Karatasi moja ikaingizwa kinyume katika zamu moja, ndege ikatoka kichwa chini. Karani wa benki aitwaye William Robey aliinunua dirishani posta ya Washington, stempu 100 kwa dola 24, na baada ya siku chache akaiuza kwa dola 15,000. Karatasi nyingine ya namna hiyo haijapatikana. Mwaka 2023 stempu moja tu kati ya hizo 100 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2.

Sasa weka kando ya hiyo kisa cha mwaka 1962. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia katika ajali ya ndege karibu na Ndola, Zambia ya leo. Marekani ikatoa stempu ya senti 4 kwa kumbukumbu yake, na karatasi chache zikatoka na rangi ya manjano iliyopinduka. Sonara mmoja wa New Jersey akagundua kuwa anazo, akafurahi mno. Mkuu wa posta wa Marekani alisema posta yake si mahali pa kucheza bahati nasibu, akaamuru stempu zenye kosa lilelile zichapwe kwa makusudi, takriban milioni 40. Leo unaweza kuinunua kwa bei ya pipi. Kosa ni lilelile, wino uleule, mtambo uleule. Lililobadilika ni kwamba kila anayeitaka anaweza kuipata. Mweleze kaka yako kisa hiki kwanza kabla ya vingine, kwa sababu kinaonyesha wazi kwamba hata kwenye stempu kosa peke yake halina bei.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulipita haraka, nami naliona kuwa ndilo kubwa: nani ameliandika kosa hilo? Wakusanyaji wa stempu wana vitabu vya bei tangu zamani sana. Duka la Stanley Gibbons la Uingereza lilitoa orodha yake ya kwanza mwaka 1865. Katika vitabu hivyo makosa yanayotambulika hupewa mstari wake, herufi yake na bei yake, chini ya stempu iliyo sahihi. Kosa likishaandikwa hivyo, linakuwa nafasi tupu katika albamu za watu duniani kote, na mtu mwenye nafasi tupu hulala akiifikiria. Hapo ndipo bei inapotoka.

Hapa kwetu tuna ushahidi wa pekee wa jambo hili. Mwaka 1895, pale Mengo, mmisionari Ernest Millar alichapa stempu za kwanza za Uganda kwa taipureta yake, karatasi kwa karatasi, bei zake zikiandikwa kwa kauri, yaani simbi zilizotumika kama fedha, wakati rupia moja ilikuwa kauri 200. Kidole kikigonga vibaya, stempu inakosewa, na bei nyingine zilisahihishwa kwa kalamu. Watu wametumia miaka mingi kuzipanga na kuzieleza moja moja. Kwa bahati mbaya wengine wametumia miaka hiyohiyo kuzighushi, maana anayeweza kupata taipureta ya zamani na karatasi nyembamba anashawishika kujaribu. Nakuomba ulikumbuke neno hilo la kughushi, nitalirudia tukifika kwa mnunuzi wako.

Sarafu zinakwenda njia moja na stempu, kwa sababu nazo huhesabiwa na kulindwa. Mwaka 1955 kiwanda cha sarafu cha Marekani kilitengeneza chapa ya senti moja, yaani chuma kinachogonga sura kwenye sarafu, kwa kuikandamiza mara mbili bila kuilenga sawasawa, hivyo tarehe na maandishi yakaonekana kama kivuli kando ya kivuli. Sarafu zaidi ya 20,000 zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na nyingine kwa mamilioni, wakaona haifai kuzitupa zote, wakaziachia. Uingereza nayo mwaka 2008 ilichanganya chapa ya uso wa zamani na ya mgongo mpya katika peni 20 yake, ikatoka sarafu isiyo na mwaka popote. Wewe unashika fedha kutwa, kwa hiyo utaelewa upesi kwa nini wakusanyaji wanatenga kabisa sarafu iliyozaliwa vibaya na iliyoumizwa baadaye. Iliyogongwa na nyundo, iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni, iliyolala kwenye asidi: hizo kwao ni sarafu zilizoharibika tu, hata zionekane za ajabu namna gani. Noti iliyooshwa wino wake upande mmoja nayo ni hivyohivyo.

Tuje kwenye santuri, ambako ndiko roho ya kaka yako iliko.

Santuri hubanwa kutoka kwenye plastiki ya moto kati ya sahani mbili za chuma. Lebo za karatasi huwekwa humohumo kabla ya kubana, na joto lenyewe ndilo linalozigandisha, bila gundi. Mfanyakazi akishika lebo kutoka rundo lisilo lake, santuri inatoka na lebo moja pande zote mbili. Jambo hilo limetokea katika viwanda vingi, mara nyingi, na hakukuwa na askari wa kuhesabu lebo. Tena mkusanyaji wa santuri haitambui kwa lebo peke yake. Anaigeuza kwenye mwanga asome namba zilizokwaruzwa kwenye ile sehemu laini kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Namba hizo ndizo zinazomwambia ni nyimbo gani, na mara nyingi zilibanwa kutoka sahani ipi. Lebo iliyokosewa haimfichi kitu, wala haimwongezei kitu.

Tundu lililohama ni baya zaidi. Sindano inavutwa kulia na kushoto kila santuri inapozunguka, na sauti ya gitaa inapanda na kushuka kama mtu anayeimba akiwa juu ya boda boda barabara ya mashimo. Anayenunua rumba anataka kusikiliza rumba. Kosa hilo limemnyang'anya kile hasa alichotaka kukinunua, na hapo upungufu hauwezi kugeuka faida hata ungekuwa wa pekee duniani.

Lakini asikate tamaa mapema. Kwenye santuri kosa linalolipa ni lile lililogusa muziki wenyewe. Mwaka 1963 mwimbaji wa Marekani, Bob Dylan, alitoa santuri yake ya pili baada ya nyimbo nne kuondolewa na kubadilishwa dakika za mwisho. Nakala chache zikabanwa na kutoka zikiwa na zile nyimbo nne zilizoondolewa. Wakusanyaji wanazigombania kwa maelfu mengi ya dola, kwa kuwa ndani yake kuna kitu cha kusikia ambacho nakala nyingine hazina. Kwa hiyo mwulize kaka: ile santuri yenye lebo moja pande mbili, ameipiga? Upande wa pili unaimba nini? Naona katika barua yako alizibeba kwenda sokoni bila kutaja gramafoni popote. Atafute mtu mwenye gramafoni nzima na sindano nzuri, apige pande zote mbili hadi mwisho, anakili na zile namba za karibu na lebo. Kama upande wa pili una wimbo uleule uliotangazwa siku zote, bei aliyopewa ilikuwa ya haki. Kama kuna wimbo ambao haupo kwenye orodha ya wanamuziki wale, anyamaze kwanza na aniandikie.

Vitabu vimekaa katikati ya stempu na santuri. Kosa la chapa katika kitabu kwa kawaida hutumika kama kitambulisho tu: linasaidia kujua nakala hii ni ya chapa ya kwanza, na kinacholipiwa ni hiyo chapa ya kwanza. Mara mojamoja kosa lenyewe linakuwa na uzito. Biblia iliyochapwa London mwaka 1631 iliacha neno moja katika Amri ya zinaa, ikawa inaamuru watu wazini. Robert Barker na Martin Lucas, wachapaji wa mfalme, walitozwa faini ya pauni 300 wakanyang'anywa leseni, na nakala zikakusanywa ziharibiwe. Zilizosalimika ni chache, na huuzwa kwa bei kubwa.

Kwa mdogo wenu nina maneno machache. Wakusanyaji wa saa wanaogopa uso uliobadilishwa kuliko wanavyopenda uso wa ajabu, kwa sababu mafundi wamekuwa wakipaka na kuchapa upya nyuso za saa kwa miaka mingi. Tarakimu iliyopinda huonekana kwanza kama kazi ya mtaani, na mwenye saa ndiye anayetakiwa kuthibitisha vinginevyo. Zipo saa ambazo kasoro imezipandisha. Rolex Daytona kadhaa za miaka ya 1990 zina vijiduara vidogo ambavyo rangi yake iligeuka kahawia kwa sababu ya vanishi iliyotumika, na watu wanazilipia zaidi. Ila kasoro hiyo inajulikana, imeelezwa, na ni ya toleo fulani. Ya mdogo wenu haijaelezwa na mtu. Aivae, ni ya baba yake.

Sasa huyo mnunuzi. Usimuuzie bado.

Stempu zako za 1979 ni stempu zilizokuwa zimekwisha kuchapwa zamani, zikapigwa maandishi ya ukombozi juu. Maandishi ya kuongezwa namna hiyo ni shamba la makosa, kwa maana karatasi ikigeuzwa tu, stempu zote za karatasi hiyo zinapinduka. Ni shamba la waghushi pia: mtu mwenye stempu ileile isiyopigwa kitu, akiwa na chapa ndogo na wino mweusi, anajitengenezea kosa lake jioni moja. Kinachokupa matumaini ni kwamba baba yako alikuwa karani wa posta wakati ule, hivyo alikuwa mahali ambapo karatasi za namna hiyo zilipita. Kinachokuzuia kufurahi ni kwamba hilo si ushahidi mbele ya mnunuzi. Yule bwana wa Kampala ama anaijua bei yake vizuri na anakupa sehemu ndogo, ama anabahatisha kwamba ni halisi. Katika hali zote mbili yeye anajua zaidi yako, na aliyetaka kulipa palepale kabla hujauliza mtu mwingine hana haki ya kukuharakisha.

Linganisha herufi zake na zile za stempu nyingine ulizonazo zenye maandishi yaliyonyooka. Tumia kioo cha kukuzia: unene wa herufi, nafasi kati yake, urefu wa mstari, weusi wa wino. Zikitofautiana, hapo umejibiwa bila kutoa hata shilingi. Zikifanana, hatua inayofuata ni cheti. Royal Philatelic Society London ina jopo la wataalamu wanaochunguza stempu na kutoa cheti, na stempu yenye kosa isiyo na cheti haiwezi kupata bei yake ya kweli katika mnada wa maana. Ada yao iulize mapema, pamoja na gharama ya kuituma kwa rejista, ili ujue kama inalingana na kile unachotarajia.

Kabla ya kutuma, kaa na ndugu zako wote wawili, na mfanye hivyo jibu likiwa bado halijulikani. Stempu ni yako. Kaka na mdogo wako hawana dai juu yake, na hilo nalisema waziwazi. Lakini ningewapa nafasi moja: kila mmoja anayetaka achangie theluthi ya gharama ya cheti, na stempu ikiuzwa apate theluthi ya fedha. Ikirudi ikiwa ya bandia, amepoteza alichochangia pamoja nawe. Asiyetaka kuchangia asaini mbele ya mjomba au mzee mwingine wa ukoo kwamba amekataa. Santuri ile ya lebo iingie katika mapatano hayohayo, ikigundulika ina wimbo usiojulikana. Kaka yako ana uchungu kwa sababu anahisi ulicheza karata ukiziona. Ukimwalika acheze wakati nawe huzioni, hatakuwa na la kukulaumu, na nadhani atakuja. Wewe ndiye umwendee, kwa kuwa yeye ni mkubwa.

Kwa sasa usiiondoe stempu kwenye albamu kwa kuibandua. Kama imeshikwa na kikaratasi cha gundi, iache hivyohivyo. Usiilowanishe, usiifute, usiiwekee selotepu hata kidogo, na albamu ikae mbali na jiko na jua la dirishani. Nitumie picha ya mbele na ya nyuma, pamoja na picha ya moja yenye maandishi yaliyonyooka, zote mbili zikiwa kando ya rula.